Mwalimu Aliyeacha Kufukiza Udi

Siku ya hitma yake watu walisema alikuwa mpole. Nilikuwa jikoni naosha vikombe, nikasikia kwa masikio yangu. Mwanamke mmoja alisema marehemu hakuwahi kumpandishia mtu sauti. Mwingine akasema alikuwa na subira ya ajabu, na wengine wakaitikia kwamba kweli, kweli kabisa. Nilikibana kikombe mpaka vidole vikaniuma. Mimi si mtu wa kusema mbele za watu, na pale nilikuwa mfanya usafi tu, Mkristo kutoka Kitui, nimekuja kusaidia kwa sababu sikuweza kulala kitandani mchana kutwa siku kama ile. Nikaendelea kuosha. Lakini hasira haijanitoka, na naona afadhali niandike.

Mwalimu hakuwa mpole. Nilimfanyia usafi kwa miaka sita hapa Dubai, Jumanne na Jumamosi, na sikumbuki siku hata moja niliyotoka kwake bila kukaripiwa. Sasa amekufa, wanamvua ukali wake na kumzika mtu mwingine. Mimi namtaka yule niliyemjua.

Siku ya kwanza kampuni yetu ya usafi iliponipeleka kwake, mtaa wa Rashidiya, nilisimama mlangoni nikamsalimia kwa Kiingereza na kumwita madam, kama tulivyofundishwa.

"Madam ni nani?" akauliza kwa Kiswahili. "Toka. Uingie tena."

Nikatoka, nikaingia. "Habari ya asubuhi?"

"Toka."

Mara ya tatu nikakumbuka ya shuleni. "Shikamoo."

"Marahaba. Vua viatu. Na huko jikoni usinihamishie vitu vyangu."

Alisomesha watoto Kurani barazani kwake kwa miaka mingi, watoto wa Kizanzibari na wa Mombasa waliozaliwa huku, na baadhi yao sasa wana mvi. Wote walimwita Mwalimu, nami nikamwita hivyo. Alikuwa na fimbo nyembamba aliyoiegemeza ukutani, na ingawa wanafunzi walikuwa wameshakwisha nilipomjua, fimbo bado ilikuwa pale. Aliitumia kunionyesha vumbi. "Pale. Na pale. Unafagia au unatembea?"

Hakupenda Kiswahili changu. Alisema kutusikiliza Wakenya ni kama kula wali wenye mawe. Siku moja nilikuwa nimechoka nikamjibu, "Si ungechagua mchele kwanza, Mwalimu, kabla hujanilaumu."  Alicheka kwa pua na kunimiminia chai. Ndiyo siku pekee ambayo vumbi halikutajwa.

Na nikimwambia nitarudi Jumamosi, inshallah, aliuliza, "Inshallah ya Mungu au inshallah ya Dubai?" Ya Dubai, alisema, ni ile fundi wa kiyoyozi anayokupa akiwa hana nia ya kuja. Hakuvumilia uongo hata ule mdogo wa adabu. Ukimuuliza kama amelala vizuri, alikwambia hakulala, na akakueleza kwa nini, saa kwa saa. Mimi pia sijui kudanganya, sina kichwa cha kukumbuka nilichodanganya jana. Nadhani ndiyo maana hakunifukuza.

Alikuwa na makosa yake na ninayajua. Alinikataza kula nikiwa nimesimama, akasema ni tabia ya watu wasio na kwao, na yeye mwenyewe nilimkuta mara nyingi amesimama mbele ya jiko anakula samaki kwenye kikaango. Alisema hataki kusaidiwa, kisha akakasirika usipomsaidia. Na alisema hataki paka ndani ya nyumba.

Paka mwenyewe alikuwa wa uani. Nyumba ya Rashidiya ilikuwa ya chini, yenye ua wa mchanga na mkunazi mmoja, na chini ya tangi la maji alilala dume mkubwa wa rangi ya mchanga ule ule. Sikio lake moja limekatwa ncha, alama wanayowawekea paka wa mtaa waliokwisha kuhasiwa. Hakufanya kazi yoyote. Panya walipita mbele yake. Mwalimu alimwita Arbab, jina tunalowaita matajiri na mabosi huku, kwa sababu, alisema, huyu hafanyi kitu na bado chakula kinamfuata alipo.

Alimlisha kila siku baada ya sala ya alasiri, na alimtukana huku akimlisha. "Njoo ule, mwizi we." Lakini macho ya Mwalimu hayakuwa mazima, na bado alikaa kwenye kibao akichambua miiba ya samaki kwa vidole, mmoja mmoja, mwizi asije akakwamwa. Arbab akisogeza kichwa mlangoni, Mwalimu alinyanyua fimbo. "Paka wa nje ni wa nje. Akiingia humu nitampiga yeye na wewe."

Kisha mwenye nyumba akaitaka nyumba yake aibomoe. Mwanawe Mwalimu, ambaye ofisini kwake ni mtu mkubwa na mimi humwita sir, alimtafutia flati Al Jaddaf, ghorofa ya nane, vioo kutoka juu mpaka chini.

"Sir amesema gari litakuja Jumamosi," nilimwambia Mwalimu.

"Sir wa nani? Nimemzaa mimi, nimemtawaza mimi."

Akakataa kuhama bila paka. Yeye, aliyeimba miaka yote kwamba paka wa nje ni wa nje. Mwanawe alijaribu kumweleza taratibu. "Mama, yule ni paka wa mtaa. Hawezi kukaa ndani. Atalia, majirani watalalamika."

"Na mimi je? Mimi si nimekaa chini na mlango wazi umri wangu wote? Mbona mimi mnanipandisha?"

 Mwanawe akatoa sharti: wasimamizi wa jengo wakileta barua mbili za malalamiko, paka atarudishwa Rashidiya. Na Rashidiya, mahali pale, kungebaki ukuta na katapila tu. Sisi wote watatu tulijua maana ya kumrudisha.

Kumhamisha ndilo jambo la kwanza tuliloafikiana mimi na Mwalimu bila ugomvi, na tulikosea wote wawili. Kwetu Kitui ukihamisha paka unamtia guniani asione njia ya kurudi. Kwao Unguja ni vile vile. Basi tukamtia guniani. Kabla ya kupanda lifti nilimzungusha apoteze mwelekeo. Nasema kweli, nilimzungusha, pale ukumbini, mlinzi ananitazama. Utafikiri angeweza kuvuka barabara zile zote kurudi kwao. Alichojifunza mle guniani ni kutuogopa sisi, basi.

Tulipomfungulia alipita kama risasi, akaingia jikoni nyuma ya mashine ya kufulia, akakaa huko. Mchanga wa paka wa dukani hakuutaka, uchafu wake aliumaliza kwenye kona za sebule. Siku yangu ya mapumziko nikaenda Rashidiya, nikachota mchanga wa ule ua karibu na ukuta uliobaki, nikarudi nao kwenye metro, ndoo nimeifunika gazeti. Tukauchanganya na ule wa dukani. Hilo alilikubali, haja kubwa akaanza kuifanya mahali pake. Lakini aliendelea kulia na kukojoa kwenye kuta, na wiki ya pili barua ya kwanza ikaingizwa chini ya mlango. Mwalimu aliisoma, akaikunja, akaiweka chini ya jamvi la kusalia. Bado moja.

Hapa lazima niseme kuhusu kazi yangu. Msimamizi wetu hakagui kwa macho. Anasimama mlangoni, anavuta pumzi. Asiposikia harufu ya dawa, unarudi kuanza upya. Mikono yangu ilishazoea hivyo, penye alama nafuta, penye harufu naua. Na Mwalimu alikuwa kama msimamizi wangu. Tangu alipokuwa msichana alifukiza udi kila Alhamisi, chetezo mkononi, chumba kwa chumba, nyuma ya milango, hata ndani ya makabati. Kule Al Jaddaf alianza kufukiza kila siku, kwa sababu, alisema, nyumba ina harufu ya watu asiowajua.

Basi paka akikojoa kona hii, mimi napiga deki ya dawa, nafua blanketi lake, nasugua kochi, na Mwalimu anafukiza juu yake. Nyumba inanukia kama ya bibi harusi. Na paka anakojoa tena. Nikaongeza dawa. Akaongeza udi.

Jumamosi moja nilimkuta ameketi mbele ya ile mashine ya kufulia, sahani ya samaki haijaguswa.

"Umemtilia dawa wewe," akasema.

"Dawa gani, Mwalimu?"

"Paka hali chakula. Umemtilia kitu kwenye maji yako ya deki. Humtaki. Unataka aondoke upunguziwe kazi."

Mimi niliyebeba mchanga kwenye metro.  Nilimaliza kazi, nikashuka, nikasimama nyuma ya mapipa ya takataka ya jengo, nikalia kwa hasira mpaka mwanamume wa Kihindi anayesukuma mapipa akanipa karatasi ya kujifutia uso. Mwalimu hakuniomba radhi siku ile wala baadaye. Miezi yote iliyofuata nilingoja, hata tukiwa tunacheka nilikuwa nangoja. Sasa nimebaki na hasira ile na sina pa kuipeleka. Nikiwasikia wakisema mpole, mimi nasikia, humtaki.

Kilichomwokoa paka si akili yetu. Kampuni ilinipeleka kwingine siku kumi, na siku hizo hizo mgongo wa Mwalimu ulikaza, hakuweza kuinama kuwasha mkaa wa chetezo. Hakuna aliyepiga deki wala aliyefukiza. Niliporudi, harufu ilinipokea mlangoni: paka, samaki wa kukaanga, mtu mzima aliyelala siku nyingi. Niliona aibu kwa niaba yake. Halafu nikamwona Arbab juu ya kochi, kwenye blanketi lake limejaa manyoya, amelala ubavu, tumbo nje.

Kwenye kona ya kochi palikuwa na doa jeusi la mafuta. Mkono wangu ukatoa kitambaa na chupa wenyewe.

"Weka chini!" Mwalimu alipiga kelele, akaigonga fimbo sakafuni. "Weka chupa chini!"

"Mwalimu, ni doa."

"Ni shavu lake. Siku ya nne alitoka. Nimelala hapa sina la kufanya, namtazama tu. Anapita pale anasugua shavu. Anapita mlangoni anasugua. Kila siku pale pale. Anaandika jina lake, huyu, na sisi tunafuta. Mimi nafuta kwa moshi, wewe kwa dawa. Tunamfutia nyumba yake kila asubuhi, halafu tunamwambia akae!"

"Lakini kunanuka."

"Kunanuka yeye. Kama hakunuki yeye, atajuaje kwamba ni kwake?"

Akaniambia nichukue chetezo, nikiweke juu kabisa ya kabati, pamoja na kijaluba cha udi. Nilijua alivyokipenda. Nilimuuliza kama hatakosa raha.

"Nitakosa," akasema.

Na sikumwona akikishusha tena.

Toka hapo tulikuwa na sheria, na sheria alizitoa yeye. Mkojo tunaufuta pale pale ulipo, kwa maji mengi, bila dawa ya kunukia, kwa sababu pahala pa kusalia lazima pawe safi. Doa la shavu haliguswi. Blanketi halifuliwi. Paka haitwi wala hakodolewi macho, maana kumkazia macho mnyama mwenye hofu ni kumtishia; alisema hata mtoto mgeni darasani humtazami siku ya kwanza. Chakula ni baada ya alasiri kama zamani. Vioo vile viliizuia adhana, kwa hiyo alitumia ya kwenye simu, na baada ya wiki Arbab akawa anashuka kochini simu inapoadhini. Aliniamuru nihamishe vitabu vyake kutoka rafu ya dirishani ili paka apate mahali pa juu pa kutazama njiwa. Vitabu vyenyewe vilikaa sakafuni kwenye katoni mpaka amekufa. Kwenye roshani tulifunga wavu. Barua ya pili haikuja.

Msimamizi wangu alikuja, ndiyo. Akasimama mlangoni, akavuta pumzi, uso ukabadilika. Mwalimu alimtolea Kiarabu cha hapa, kile cha haraka, nami nilielewa kidogo tu: nani amekutuma kunusa nyumba yangu, yalla, toka. Jamaa akatoka, na mimi nikapewa onyo la maandishi. Nilipomwambia Mwalimu, hakusema pole. "Ulitaka nini?" akauliza. "Nishani?"

Nilikasirika, na nilifurahi pia. Sijui kuyaeleza yote mawili kwa pamoja. Najua tu kwamba mwanamke aliyemwambia kila mtu fanya hivi, usifanye vile, alikubali kuishi ndani ya harufu asiyoipenda, akiwa mzee, kwa sababu alitazama akaona kwamba amekosea. Hitmani sikusikia mtu akilitaja hilo. Mtu mpole asingekuwa na chochote cha kujikaza nacho. Yeye alikuwa mkali, na alijikaza.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa Jumapili mchana. Kampuni ilikuwa imeshanihamishia Bur Dubai, na mwanawe alinitumia ujumbe kwamba mama ametolewa hospitali, madaktari hawana la kuongeza, na ananiulizia. Sir mwenyewe alinifungulia mlango, kanzu yake imekunjamana, hajanyoa ndevu. Mwalimu alikuwa kwenye kitanda cha chuma kilichowekwa sebuleni, na pembeni mashine ya hewa inavuma.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Umechelewa."

"Metro ilijaa. Arbab yuko wapi?"

"Kule kule jikoni, nyuma ya mashine ya kufulia. Tangu walete hivi vyuma vyao." Aliongea kwa kukatakata. "Mchukue."

Nilijua ananiomba nini, na nilijua jibu. "Siwezi. Chumba tunalala sita, na mnyama haruhusiwi. Wakimkuta watamtupa, na mimi nitafukuzwa."

"Umfiche."

"Paka anayelia hafichiki, Mwalimu."

Alifumba macho. "Basi mrudishe Rashidiya."

Hapo nikapasuka. Sijawahi kumpigia mzee kelele maishani mwangu, na nilimpigia yeye, kitandani. "Rashidiya ipi? Kuna nini Rashidiya? Umemtoa mtaani wewe, umemfundisha kungoja simu iadhini, ameshasahau magari, ameshasahau mbwa! Atakufa siku ya kwanza! Ungemwacha kule tangu mwanzo!"

Mwanawe akatoka jikoni. "Unampigia mama yangu kelele?"

"Ndiyo, sir. Na wewe pia nakupigia. Wewe ndiye utakayebaki na huyu paka. Hakuna mwingine. Ukitaka kusema 'nitaona', sema sasa unaona nini."

Alinitazama kama meza imeongea. "Mimi na paka hatupatani," akasema. "Ananikimbia."

"Umejaribu lini?" Mwalimu akauliza kutoka kitandani.

Akavuta ukosi wa kanzu yake.

"Hiyo kanzu umeivaa tangu lini?"

"Tangu jana, mama. Sijapata nafasi ya—"

"Ivue."

"Mama, kuna mtu hapa."

"Kavae fulana, uilete kanzu. Isipite kwenye maji."

Alikwenda. Alirudi na fulana, kanzu ameikunja mkononi kama anayetaka kuirudisha dukani. Nilimpokea. Sikuhitaji kuelekezwa: harufu ya sir ichanganyike na ya paka na ya Mwalimu. Nilichukua blanketi la Arbab kochini, nikalitandika sakafuni karibu na kitanda, nikaweka kanzu juu yake, na juu ya kanzu ile kanga ambayo Mwalimu alikuwa ameilalia. Alinisaidia kuivuta kwa vidole viwili, ndiyo nguvu aliyokuwa nayo.

"Kaa chini," akamwambia mwanawe.

Akaketi kwenye vigae, mgongo kwenye kabati, magoti juu. Nami nikaketi karibu na mlango wa roshani.

"Usimwite. Usimtazame."

"Mpaka lini, mama?"

"Mpaka nikwambie."

Tulikaa. Bado nilikuwa na hasira, mikono nimeifungia mapajani. Sir alikuwa anatazama soksi zake. Simu yake ililia mfukoni, akaizima bila kuitazama.  Kisha mlango wa jikoni, ambao hulia kidogo ukisukumwa, ukalia.

Sir alitaka kugeuka. Niliona shingo yake ikianza.

"Macho mbele," Mwalimu akasema.

Akayarudisha mbele.